Maembe ya mama yalivyonitia adabu

Mlio wa kwanza nilidhani ni bunduki.

Ilikuwa yapata saa nane za usiku, mwezi wa Januari mwaka jana. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu ya usiku, nami nilikuwa nimelala na watoto wetu wawili katika nyumba yetu ya kupanga mtaani Umoja, Nairobi. Ghafla, paa! Mlio ulitoka jikoni. Nilijitupa sakafuni kama nilivyofunzwa na wakazi wa zamani wa mtaa huu, nikatambaa hadi mlangoni mwa chumba cha watoto, nikasikiliza. Kimya. Nikajikaza kiume, nikawasha taa ya jikoni.

Hakukuwa na jambazi. Kabati la chini lilikuwa limefunguka lenyewe, ukuta umerukiwa na kitu cha rangi ya manjano, na kizibo cha plastiki kimelala kando ya jiko. Harufu iliyonipokea haikuwa ya maembe niliyoyaweka humo siku tatu zilizopita. Ilikuwa harufu ya pombe changa. Kabla sijaokota kitambaa cha kupangusia, chupa ya pili nayo ikalia, na mwanangu mdogo akaanza kulia pia.

Nilisimama pale miguu mitupu, sakafu inanata, nikawaza jambo moja tu: chupa nyingine kumi na nne za namna hiyo hiyo zilikuwa katika nyumba za majirani zangu. Na nilikuwa nimewauzia.

GUNIA KUTOKA MAKUENI

Ili unielewe, msomaji, sharti nikupeleke nyumbani kwetu Makueni. Marehemu baba alituachia miti 23 ya miembe aliyoipandikiza kwa mikono yake. Mingi ni ngowe, lile embe refu la manjano lisilo na nyuzi, na iliyosalia ni embe la mviringo ambalo sote tunaliita apple. Aina zote mbili asili yake ni Pwani, lakini zimekubali jua na udongo wa Ukambani kana kwamba zilizaliwa huko.

Embe ni tunda lenye baraka na balaa kwa pamoja. Kuanzia Desemba hadi Machi, jua la kaskazi likiwaka, miti ya kijiji kizima huiva karibu wakati mmoja. Ngowe likishaiva halina simile. Siku chache tu na limelainika, siku chache tena na limeoza. Mkulima hana pa kulificha. Dalali anajua hivyo, ndiyo maana huja na lori lake bila haraka, akachagua embe moja moja kwa mkono wake, akampa mama shilingi tano kwa kila alipendalo. Lenye doa huliacha chini. Embe lilo hilo nalikuta Nairobi kando ya barabara likiuzwa mara sita ya bei hiyo.

Juu ya dalali kuna inzi wa matunda, ambaye hutaga mayai chini ya ganda la embe hadi mabuu wakaila nyama kwa ndani huku nje kukipendeza. Aina moja kali ya inzi hao, iliyotoka Asia, iligunduliwa humu nchini mwaka wa 2003, na ikachangia kuifanya Kenya isimamishe uuzaji wa maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya mwaka wa 2014. Soko hilo lilifunguliwa tena mwaka wa 2021. Kwa wakulima wa huko kwetu, afueni nyingine ilikuwa kiwanda cha Kalamba, kilichoanzishwa na serikali ya Kaunti ya Makueni mwaka wa 2017, ambacho husaga maembe yakawa rojo. Hata hivyo, si kila embe lililoiva hufika kiwandani.

Basi yale yanayosalia, mama hutugawia sisi wanawe. Kila Januari hutuma gunia kwa basi. Tunakula asubuhi, mchana na jioni. Tunawapa majirani. Kisha, na hili naliungama kwa aibu, tunachoka. Maembe yanaanza kutoa maji chini ya gunia, vinzi vinajaa jikoni, nami ninayabeba kwa karatasi nyeusi hadi jaani. Nilikuwa nikienda usiku ili majirani wasinione nikitupa jasho la mama yangu.

AKILI YA JANUARI

Mzazi yeyote wa mjini anaujua mwezi wa Januari. Mshahara wa Desemba umeliwa kabla ya Krismasi, na shule zinafunguliwa zikiwa na orodha ndefu kuliko mkono. Sare, vitabu, viatu, karo. Mwaka huo mama alituma magunia mawili badala ya moja, kwa kuwa dalali hakurudi mara ya pili. Nikayatazama magunia hayo, nikaitazama ile orodha ya shule, nikajiona nimeerevuka.

"Baba Mutheu, unataka kufanya nini?" mke wangu aliniuliza aliponikuta nimekunja mikono ya shati, nimejaa maji ya embe hadi viwikoni.

"Biashara," nikamjibu.

Niliyoyafanya nitayataja kwa ufupi, kwa kuwa yote yalikuwa makosa. Nilimenya maembe bila kuyaosha, hata yale yaliyokwisha kuingia uozo, nikikata tu penye doa. Nikayasaga kwa blenda pamoja na maji ya mfereji ambayo sikuyachemsha. Nikatia sukari kwa wingi, nikiamini kuwa sukari ndiyo huhifadhi. Mbona jemu hukaa mwaka mzima kabatini? Nikaokota chupa kuukuu za plastiki zilizokuwa za soda, nikazisuuza kwa maji baridi, nikajaza hadi kooni, nikafunga kwa nguvu. Mke wangu alinishauri tuyachemshe kwanza. Nikamwambia moto huua vitamini.

Majirani walipenda. Rangi ilivutia na utamu ulikuwa wa kweli. Kwa shilingi mia moja chupa, nikauza chupa 14 kabla ya jua kutua. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, ambaye sote twamwita Mama Boi, alichukua tatu. Jumamosi hiyo kijana wake alikuwa anatimiza miaka sita, na watoto wa jengo zima walikuwa wamealikwa.

"Afadhali hii yako kuliko za dukani," alisema akinihesabia pesa. "Angalau hii najua imetoka mkono wa nani."

Maneno hayo yalinifurahisha mno siku ile. Baadaye yalinichoma kuliko tusi.

MLANGO WA MAMA BOI

Chupa zilipasuka usiku wa kuamkia Jumatatu. Kulipopambazuka nilichukua zile shilingi 1,400, ambazo kwa bahati nilikuwa sijazitumia, nikaanza kubisha milango. Kwa kila mlango nilisema neno lile lile: tafadhali mwageni, pesa zenu hizi. Wengine walicheka. Mmoja, mpenda mambo, alikataa kurudisha yake akasema sasa ndipo imekuwa tamu.

Mlango wa Mama Boi niliuacha wa mwisho. Nadhani moyo ulikuwa unajua.

Alinifungulia akiwa bado na nguo za jana. Nyuma yake kochini, Boi alikuwa amelala amekunjamana, midomo imekauka, beseni liko kando yake. Alikuwa ametapika na kuharisha tangu Jumapili alasiri. Walikuwa wamekesha katika zahanati, amepewa maji ya chumvi na sukari, na alfajiri hiyo ndipo walipomruhusu arudi nyumbani. Watoto wengine wawili wa karamu hiyo waliumwa na tumbo, lakini si sana.

Daktari hakuweza kusema kama ni maji, ni chupa, au ni maembe yenyewe. Mimi sikuhitaji kuambiwa.

Nilimnyoshea shilingi zake mia tatu. Hakuzipokea. Aliniangalia kitambo, kisha akasema kwa sauti ya chini, isiyo na hasira, "Ningekuwa nimenunua dukani, ningejua pa kwenda kulalamika. Kwako sikuangalia hata tarehe. Nilinunua kwa sababu ni wewe."

Sikuwa na jibu. Niliziacha pesa juu ya meza pamoja na nyingine za zahanati ambazo nilikopa baadaye siku hiyo. Alizipokea za zahanati, za maembe akazirudisha kwa mkono wa binti yangu. Boi alipona ndani ya siku tatu, Mungu ashukuriwe. Lakini kwa wiki kadhaa tukikutana ngazini, salamu yake ilikuwa fupi kama ya mtu aliyekosa nafasi.

Jioni nilimpigia mama simu. Sikutaka kumweleza, nikajikuta nimemweleza yote.

"Uliyachemsha?" akauliza.

"La, mama."

"Ukatia ndimu?"

"La."

"Chupa ulizitia katika maji ya moto?"

Nikanyamaza.

"Basi mwanangu, wewe hukutengeneza kinywaji. Ulitengeneza pombe ukawapa watoto. Na hata wazee wetu walipotega kaluvu, walijua siku ya kuionja na nani wa kuionja." Akavuta pumzi. "Njoo nyumbani Jumamosi. Njoo na daftari."

Mwenye pupa hadiriki kula tamu, wahenga walinena. Mimi sikuishia kukosa tamu tu. Nilikuwa nimewalisha wengine uchungu.

DARASA LA MAMA

Sikuwa najua kwamba mama anaijua kazi hii. Miaka mingi iliyopita, yeye na wanawake wenzake wa kikundi walifunzwa na afisa wa kilimo jinsi ya kuhifadhi matunda, na tangu hapo hutengeneza chupa chache kila msimu za kuwapa wageni. Sisi watoto wake tulikuwa tukinywa bila kuuliza.

Kinywaji chenyewe viwandani huitwa nekta. Si maji ya tunda yaliyokamuliwa tu, bali ni rojo la tunda zima lililozimuliwa kwa maji na kutiwa sukari kiasi. Embe ni tunda zito. Ukilisaga pekee hupati cha kunywa bali cha kula kwa kijiko. Kanuni za kimataifa za vyakula, ziitwazo Codex, zilizotolewa mwaka wa 2005, zinataka nekta ya maembe iwe na angalau asilimia 25 ya tunda lenyewe. Mama hajapata kuzisoma kanuni hizo, lakini kipimo chake ni kopo moja la rojo kwa makopo mawili ya maji, ambacho kinazipita.

Kwanza alinipeleka chini ya miti. "Anza hapa," alisema. Embe lililoanguka likapasuka, hatulitumii. Lililooza upande mmoja, hatukati tukabakisha upande wa pili, kwa maana uozo hutangulia mbali kuliko jicho. Tulichagua yaliyoiva sawasawa, yenye harufu nzuri penye kikonyo, tukayaosha kwa maji safi kabla ya kuyagusa kwa kisu. Ukikata embe chafu, kisu ndicho kinachoingiza uchafu wa ganda ndani ya nyama. Utomvu wa kwenye kikonyo nao huwasha midomo, kwa hiyo uoshwe wote.

Tulimenya, tukakata nyama, tukaisaga, kisha tukaipitisha kwenye chujio. Ngowe halina nyuzi, lakini embe la kienyeji bila chujio litakufanya ujichokoe meno hadi Pasaka. Kwa kila lita moja ya rojo tulitia lita mbili za maji yaliyochemshwa, kikombe kimoja cha sukari, na vijiko sita vya mezani vya maji ya ndimu yaliyochujwa.

Nilitaka kujua ndimu ni za nini, kwa kuwa nilidhani ni za ladha. Mama alinijibu kwamba ndimu ndiyo mlinzi. Niliporudi Nairobi nilisoma zaidi nikakuta amesema kweli tupu. Kuna bakteria mmoja hatari, aitwaye botulini, ambaye mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka na hupenda kukaa mahali pasipo na hewa, kama ndani ya chupa iliyofungwa. Kinachomzuia kuota na kutoa sumu ni ukali wa asidi. Wataalamu huupima kwa kizio cha pH, ambapo nambari ikishuka ukali unapanda. Chini ya 4.6 bakteria huyo hawezi kuota. Embe bivu huweza kuukaribia mpaka huo au hata kuuvuka, kwa sababu kadiri linavyozidi kuiva ndivyo uchachu wake unavyopungua. Mananasi na machungwa yana ukali wake ya kutosha, lakini embe lahitaji kusaidiwa.

Na ile sukari yangu? Katika jemu sukari huwa zaidi ya nusu ya uzito wote, ndiyo maana vijidudu hukosa maji ya kutumia. Katika kinywaji sukari ni kidogo mno kuweza kuhifadhi. Badala ya kuwazuia vijidudu, huwalisha. Hamira za hewani na za kwenye ganda la embe ziliila sukari niliyoitia, zikatoa pombe na gesi. Gesi ilipokosa njia ilifungua kabati langu saa nane za usiku.

Baada ya hapo ni moto. Tuliinjika mchanganyiko katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kwani uchachu hushindana na alumini. Tukakoroga kwa mwiko polepole, rojo lisishike chini, hadi mapovu ya kwanza yakaanza kupanda na mvuke ukawa mwingi. Huko kuchemka kwa kutokota sana hakuhitajiki. Hubadili rangi na kuondoa harufu ya embe. Wakati huo huo chupa za jemu za vioo, zilizokwisha kuoshwa kwa sabuni, zilikuwa zinachemka katika sufuria nyingine.

"Chupa ya moto, kinywaji cha moto," mama alikuwa akisema, akiitoa chupa kwa koleo na kuiweka juu ya kitambaa kikavu, kwa sababu kioo cha moto kikigusa saruji baridi hupasuka. Akajaza, akaacha nafasi ya upana wa kidole juu, akapangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, akafunga kwa kifuniko cha chuma kisicho na kutu wala mbonyeo. Chupa zilizojaa akazirudisha katika sufuria kubwa yenye kitambaa chini, maji ya moto yakazifunika na kupita vifuniko kwa vidole viwili, akachemsha tena.

Tulifanya kazi hiyo toka saa nne za asubuhi hadi saa kumi alasiri, tukapata chupa 11. Mimi siku ile ya biashara nilikuwa nimejaza chupa zangu kwa saa mbili tu.

Tulipokuwa tunapoa kibarazani, nilimwuliza kwa nini hajapata kuuza. Alielekeza kidole kwenye ile miti.

"Embe naweza kuuza kwa mtu nisiyemjua. Akilikata akakuta buu, atalitupa. Lakini hii hawezi kuona ndani yake. Anayeinywa ananinywa mimi."

SIKU KUMI NA NNE

Nilirudi Nairobi na gunia moja na daftari limejaa. Safari hii nilinunua pia karatasi ndogo za kupimia asidi, zile ambazo hubadilika rangi. Kabla ya ndimu karatasi ilionyesha kati ya 4 na 5, jambo lililonitia baridi. Baada ya ndimu ilishuka chini ya 4.

Jambo moja mama hakuwa na sababu ya kuliwazia. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, na huku maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 au 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Kwa hiyo chupa za Nairobi zinahitaji muda mrefu zaidi ndani ya maji yanayochemka. Mimi nilizichemsha kwa dakika 25, nikihesabu tangu maji yalipoanza kutokota tena, wala si tangu nilipoziingiza. Mke wangu alisimama na saa mkononi. Hakunena neno kuhusu vitamini, na kwa hilo namshukuru.

Tulipata chupa 12. Zilipopoa usiku kucha, nilibonyeza katikati ya kila kifuniko. Kifuniko kilichovutwa ndani na kutulia ni dalili kwamba chupa imefunga. Kinachochezacheza kwa kidole hakijafunga, na chupa hiyo yafaa iingie kwenye friji na kunywewa ndani ya siku chache. Moja ilicheza. Tukaiweka kwenye friji, tukaimaliza ndani ya siku nne.

Zile 11 niliziweka juu ya kabati, mahali pa giza pasipo na joto, nikaandika tarehe kwa kalamu. Nikajiwekea sheria: siku 14 hakuna anayegusa. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilizikagua. Sikuona povu, wala kifuniko kilichofura, wala uvujaji. Rojo lilijitenga kidogo na maji likatuama chini, jambo ambalo ni la kawaida, ukitikisa linachanganyika. Siku ya tisa kifuniko kimoja kilikuwa kimeinuka. Sikuonja hata kidogo. Niliimwaga chooni, nikaichemsha chupa. Mke wangu alisema huenda ilikuwa nzuri tu. Huenda. Lakini nilikwisha kuwatumia watoto wa watu kama kipimo, na sikutaka kurudia.

Siku ya 15 tulifungua ya kwanza tukainywa sisi wenyewe, mimi kwanza, mke wangu baadaye, watoto kesho yake. Ilikuwa na ukali kidogo wa ndimu ambao ule uchafu wangu wa kwanza haukuwa nao, na harufu ya miti ya baba.

Siku ya 17 nilishuka ghorofa ya chini na chupa moja mkononi.

Mama Boi aliitazama chupa, akanitazama mimi. Hakuipokea.

"Sikuuzii," nikamwambia. "Nimekuja tu kukuonyesha jinsi inavyopaswa kuwa."

Akaenda jikoni, akarudi na glasi moja. Akanipa. "Kunywa wewe kwanza."

Nikafungua mbele yake, kifuniko kikatoa ule mlio wake mdogo wa hewa kuingia, nikajimiminia, nikanywa yote. Aliingoja glasi, akaisuuza, akajimiminia nusu, akanywa akiwa amesimama. Boi alichungulia kutoka chumbani. Mama yake akamwambia, "Wewe bado." Akafunga chupa akaiingiza kwenye friji.

Hakusema amenisamehe, wala sikumwuliza. Nilipanda ngazi nikiwa nimepungua uzito kidogo.

KWA ANAYETAKA KUJARIBU

Huenda wewe pia una gunia la maembe lililotoka mashambani, au wewe ni mwanafunzi unayetafuta pesa za matumizi na umeona mwanya. Nakuomba uanze kwa chupa mbili tatu. Kama huna vifaa vya kuchemshia chupa, tengeneza ya kunywewa nyumbani tu: fuata hatua zote hadi kwenye moto, iache ipoe, ifunike, iweke kwenye friji na uimalize ndani ya siku nne. Usifunge kinywaji cha moto katika chupa za plastiki za soda. Hazikuundwa kustahimili joto, na huwezi kuzichemsha. Kifuniko kikifura, au ukisikia harufu ya pombe, mwaga bila kuonja.

Na kama nia yako ni kuuza, ujue kwamba kuuza kinywaji cha chupa si sawa na kuuza maembe kwa fungu. Kuna idhini ya afya ya umma ya kaunti, na kuna alama ya ubora ya KEBS. Zamani nilidhani mambo hayo ni usumbufu wa kumkatisha mnyonge tamaa. Tangu nimwone Boi kochini na beseni kando yake, sijapata tena kuyaita usumbufu.

Kwa upande wangu, nimebaki na sheria ya mama: hutolewa, hazinunuliwi. Orodha ya shule tuliilipa kwa mkopo wa chama cha akiba, kama majirani wengine. Lakini Januari hii sikwenda jaani usiku hata mara moja.

Mwezi wa Julai mwaka jana, wakati wa ile baridi ya Nairobi inayofanya watu wavae koti ndani ya nyumba, hapakuwa na embe la kwetu popote sokoni. Kabatini zilikuwa zimebaki chupa mbili. Jumapili moja alasiri mlango ulibishwa. Nilipofungua, alikuwa Boi, amevaa sweta ya shule, ameshika kwa mikono yote miwili chupa ya jemu tupu, imeoshwa ikang'aa.

"Mama anauliza kama iko nyingine," alisema. Kisha akakumbuka alichotumwa. "Na amesema atalipa."

"Mwambie mama hailipiwi," nikamjibu.

Nilimtolea moja. Aliipakata kifuani kama mtoto mchanga, akashuka ngazi polepole, akipima kila hatua kwa mguu.